Shajara ya mradi: "Mizani", sauti moja na vyungu vitano

Naandika hapa kila hatua ikiisha, ili mtu wa Jinja, Arua, Kasese au popote akitaka kuiga aweze, na akitaka kugeuza ageuze. Kipande hiki cha muziki kina mwimbaji mmoja na mpigaji mmoja basi, hakuna kinanda hakuna gita, urefu kama dakika 14 hivi. Maneno yake ni ya mwaloni Masese, ufuko wa wavuvi hapa Jinja, pale samaki wanapopimwa: sangara, ngege, mukene (dagaa), kilo moja na nusu, nne na robo, hivo tu. Mimi ndo napiga, mwimbaji ni dada mmoja wa kwaya hapa Walukuba mwenye sauti ya alto. Ninachotaka nakisema mapema: mdundo uwe sauti ya pili inayosema na mwimbaji, usiwe wa kumshikia tempo tu, na msikilizaji asikie kila neno.

Watu wengine wakisikia "muziki wa majaribio" wanadhani ni vitu vya Ulaya tumeletewa. Ngoma kuimba wimbo siyo kitu kigeni hapa. Entenga za Kabaka, mfalme wa Buganda, zilikuwa ngoma 15, 12 kati yake zimepangwa sauti kama baa (vipande vya mbao) za amadinda, marimba ya Baganda, na zinapigwa na watu wanne, na tatu zilizobaki zinapigwa na watu wawili. Nyimbo zake ni zile zile za amadinda. Lubiri, ikulu ya Kabaka, iliposhambuliwa 1966 wapigaji wakatawanyika na entenga ikanyamaza miaka mingi sana, mpaka James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza kazi ya kuirudisha kwa vijana. Mimi nimetoka hapo.

3 Februari 2025: maneno

Kiswahili kwasababu Walukuba ndo lugha ya mtaa, hii estate ilijengewa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila kona, Msoga, Mteso, Jopadhola, Mlugbara, wakawa wanaelewana kwa Kiswahili na watoto wao wakabaki nacho.

Hesabu ya Kiswahili ni zawadi kwa mtu wa mdundo. Kuanzia moja mpaka kumi kila neno lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, mpaka ku-mi. Hata nne ni mbili, ile n ya mbele inasimama peke yake na dada anaweza kuivuta mdomo umefumba. Ukitaka kuvunja huo mwendo wa mbilimbili unaongeza "na robo" au "na nusu", silabi tatu, na hapo kila kitu kinahama upande. Sikuhitaji kutunga mashairi, mizani yenyewe inatunga.

Hatari iko sehemu moja. Sita na tisa. Vokali ni zile zile, i na a, s na t tu ndo zimebadilishana nafasi. Ukifunika konsonanti kwa ngoma, samaki wa kilo sita anakuwa wa kilo tisa. Mwaloni hiyo ni pesa ya mtu. Nikaamua sita na tisa ndo ziwe kipimo cha mradi mzima: zikisikika tofauti, kipande kimefaulu.

Gharama mpaka hapa: hakuna, daftari na kalamu nilikuwa navyo.

16 Februari: ngoma kubwa, imeshindikana

Nilianza na ninachokijua, ngoma za Baganda za kuazima, mbuutu, mpuunyi na ile ndefu ya engalabi, na ensaasi, yaani manyanga ya kutikisa, kwa mkono. Tukafanya kwenye chumba chenye mabati. Dada anaimba hesabu ovyo ovyo bila mpangilio, mimi napiga, tunarekodi kwa simu, alafu tunawachezea majirani na kila mtu anaandika kwenye karatasi namba anazozisikia. Hili jaribio la karatasi nalipendekeza kwa yeyote, halina gharama na halina aibu ya kusema mbele za watu "sijaelewa".

Karatasi ziliporudi sita na tisa zilikuwa zimechanganyika vibaya, na nne imeandikwa nane kila mahali. Nikakaa na ile rekodi nasikiliza polepole mpaka nikaelewa sababu. T ni mlipuko mfupi wa hewa, na kofi la engalabi, ile ngozi ya kenge ilivyobana, nalo ni mlipuko mfupi, vikija pamoja sikio linachukua ule mkubwa. S ni mvumo wa juu, ensaasi nazo ni mvumo wa juu, kwahiyo s inazama ndani yake kabisa. Mbuutu yenyewe haiui konsonanti lakini chini ya mabati inavuma ndefu, silabi inayofuata inaikuta bado iko chumbani.

Kupiga kidogo kidogo hakusaidii. Tulijaribu. Ngoma ikipigwa kwa woga inapoteza rangi yake na bado inafunika t. Kwahiyo kikatoka kigezo: chombo kiwe cha sauti ya chini, kianze kwa ulaini, kife haraka.

2 Machi: vokali tano, vyungu vitano

Chombo cha namna hiyo ni chungu. Mtunzi Frederic Rzewski alishaandika kipande mwaka 1985 kinaitwa To the Earth, mpigaji anasema maneno huku anapiga vyungu vinne vya maua, kwahiyo najua udongo unaweza kukaa na neno bila kuligonga. Nikanunua vyungu vitano vya maji kwa mama mmoja sokoni, ukubwa tofauti, bei tofauti, jumla shilingi 75,000 za Uganda. Usinunue bila kugonga. Gonga pembeni kwa kidole kilichokunjwa, kikilia kinalia, kikitoa sauti ya kukwaruza kina ufa hata kama huuoni.

Wazo la kwanza lilikuwa tamu mno: Kiswahili kina vokali tano, nina vyungu vitano, basi kila vokali chungu chake. A chungu kikubwa, i kidogo kabisa, napiga kila silabi inapotoka. Mtunzi mwingine, Vinko Globokar, alifanya jambo la karibu na hilo 1973 kwenye Toucher, mpigaji anatafuta vyombo vinavyofanana na vokali za maneno anayosema.

Kwetu haikukaa. Toucher ni ya mtu mmoja, mdomo na mkono ni vya mwili mmoja, vinaanguka pamoja bila kutafutana. Sisi ni wawili, kila pigo linawahi kidogo au linachelewa kidogo, na sikio linasikia makombo. Halafu a ni nyingi mno kwenye hizi namba, tatu, tano, sita, saba, nane, tisa, zote zina a, mkono wangu ukawa umeshinda kwenye chungu kimoja tu kama mtu anayetwanga. Na karatasi za majirani zikasema yale yale, sita, tisa, sita, tisa. Afadhali kidogo kuliko engalabi ila bado.

15 Machi: kwa mzee wa embaire

Nilienda vijijini Busoga kumuona mzee anayepiga embaire, zile marimba kubwa ambazo baadhi huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ili sauti ipate tumbo, baa zimelala juu ya migomba. Nilibeba sukari na sabuni, 18,000.

Nikamuuliza, Mzee, wewe unayeingia wa pili unahesabuje ili uanguke katikati ya mwenzako? Akacheka, akasema, "Mwanangu, ukimhesabu umeshachelewa. Wewe pigo lako ndo la kwanza, yeye ndo yuko katikati yako." Akaniweka upande wa pili akaanza. Nilipomfuata yeye nikawa naanguka juu ya mapigo yake. Nilipoacha kumfuata nikashika langu kama ndo msingi, ghafla mikono ikapishana na wimbo wa tatu ukatoka pale katikati, wimbo ambao hakuna kati yetu aliyekuwa anaupiga.

Baganda wana majina ya kazi hizo kwenye amadinda, omunazi anaanza, omwawuzi anaingia kwenye nafasi zilizobaki, omukoonezi anachukua baa mbili za juu. Nimezisoma siku nyingi hizo habari ila mwili ulikuwa haujazielewa. Njiani kurudi ndo nikaona jibu la sita na tisa: sauti iwe omunazi, vyungu viwe omwawuzi. Pigo lisiangukie silabi hata moja. Yaani siyo swala la nani anapiga kwa nguvu, ni swala la nani yuko wapi.

29 Machi: kupishana kunafanya kazi, pumzi inavuruga

Hivi ndo tunavyoandika. Kila alama ni nafasi moja sawa, namba ni vyungu kuanzia kikubwa (1) mpaka kidogo (5), nukta nene ni pumzi ya mwimbaji.

Sauti: mo – ja – ta – tu – n – ne – • – • –
Vyungu: – 3 – 1 – 4 – 3 – 1 – 5 – 3 – 1

Dada anatoa silabi kama 160 kwa dakika, ukiunganisha na vyungu ni mapigo 320, amadinda yenyewe inaenda kasi zaidi ya hapo sana lakini ulimi siyo fimbo. Tukarudia jaribio la karatasi. Sita ikawa sita. Tisa ikawa tisa. Kuna kijana alikuwa anaandika hata kabla namba haijaisha. Nilifurahi sana siku hiyo, sifichi.

Tatizo likatokea kwenye pumzi. Mpiga amadinda hana haja ya kusimamisha mikono ili apumue, mwimbaji lazima apumue, na dada akitoka kwenye zile nafasi za kimya anarudi nafasi moja kabla au moja baada. Nafasi moja tu, ila ina maana amehamia upande wangu, silabi zote sasa ziko juu ya vyungu na hakuna anayejua mpaka maneno yameshazama. Mbaya zaidi mimi nikijaribu kumkwepa nahama na mimi, basi tunafukuzana.

Tulijaribu ahesabu moyoni, haiwezekani, anaimba namba halafu ahesabu namba nyingine? Tukajaribu nimpe ishara kwa kichwa, akawa ananiangalia mimi badala ya kuimba na sauti ikakauka. Kilichofanya kazi ni jiwe la mizani. Nilipata kwa watu wa skrepa jiwe la chuma la zamani lenye kikonyo juu, 12,000, nikalining'iniza kwa kamba, nalipiga na msumari mkubwa. Linatoa "ti" ya juu fupi sana. Sasa jiwe halichezi upande wangu, linacheza upande wake: linagongwa kwenye ile nukta ya pili ya pumzi, pale ambapo silabi yake ingekuwepo. Kwahiyo hata akinyamaza upande wake haujawa mtupu, anasikia jiwe limesimama mahali pake na anaingia nafasi mbili baadaye. Kwa yeyote atakayeiga, hii ndo sehemu ya kushika: alama ya kurudia iwe kwenye mstari wa mwimbaji, ikiwa kwenye mstari wa mpigaji haimsaidii.

Mkono wa kushoto umepata kazi ngumu, ila unazoea.

12 Aprili: maji, nta na mvua

Mvua za masika zimeshika na vyungu vimeanza kuhama sauti. Naelezea kwa urefu kwasababu hapa pesa na muda viliungua.

Chungu kina sauti mbili. Ukigonga ubavuni unasikia udongo wenyewe. Ukipiga mdomo wake na kitu bapa unasikia hewa ya ndani. Ukitia maji zile sauti mbili zinaenda njia tofauti kabisa: ya ubavuni inashuka maana ukuta umebeba mzigo wa maji, ya mdomoni inapanda maana hewa imebaki kidogo. Mwanzo nilikuwa nachanganya mapigo ya aina zote mbili kwenye wimbo mmoja, natia maji kusahihisha hii, ile inaharibika. Nimeacha ubavu kabisa. Napiga mdomo tu, kwa sapatu kuukuu iliyokatwa kisigino, maana nikitumia kiganja kinauma na kila kofi linatoka tofauti.

Halafu udongo usiopakwa kitu unakunywa maji. Unapanga sauti asubuhi, mchana chungu kimetoa jasho nje na sauti imeshuka. Kukiloweka usiku kucha kunasaidia kidogo tu. Nikanunua nta ya nyuki, 20,000. Mara ya kwanza nilimwaga nta iliyoyeyuka kwenye chungu cha baridi, ikaganda palepale kwa mabaka na baadaye ikabanduka vipande vinaelea ndani. Dawa yake: chungu kikae juani mpaka kisishikike, ndo umimine nta na kukizungusha haraka, inaingia kwenye udongo wenyewe. Siku za mvua jua hakuna, nilikiweka karibu na sigiri huku nakigeuza, polepole sana. Kimoja kilichoachwa upande mmoja kilipasuka. Kingine kipya 15,000.

Baada ya nta maji yanakaa. Nimekwaruza alama ya kimo ndani kwa msumari, na kabla ya kuimba naongeza yaliyokauka, basi. Vyungu vinakaa juu ya ngata za majani makavu ya mgomba, vikikaa sakafuni moja kwa moja vinakufa sauti na vinatetemeka.

27 Aprili: sauti ya kwaya na sauti ya vyungu

Wiki ya Pasaka hatukufanya kitu, dada alikuwa na kwaya kila jioni. Tuliporudi tukagusa jambo ambalo nilikuwa nalikwepa, sauti zenyewe.

Vyungu nimevipanga kwa njia ya amadinda, oktava imegawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila hatua (hizi ni senti za muziki, kwenye piano hatua ndogo ni 100). Kwahiyo hakuna hatua inayoangukia kwenye do re mi ya kwaya. Dada ana sikio zuri, ndo maana ilimsumbua, akawa anavuta vyungu kwenda kwenye do re mi yake kichwani. "Kaka, hiki cha tatu kiko chini." Kiko sawa dada. "Kiko chini." Tulibishana kwa upendo.

Nilichofanya kwanza ni kupunguza. Mtunzi John Cage mwaka 1942 aliandika wimbo wa sauti na piano iliyofungwa, mpigaji anagonga mbao tu na mwimbaji anatumia noti tatu peke yake, na wimbo unasimama imara. Nikampa dada noti tatu, za chungu 1, 3 na 4. Alafu tukatumia ile n ya nne. Anavuma n mdomo umefumba, mimi narudia chungu kimoja polepole, anasogeza sauti mpaka ule mtikisiko kati ya sauti mbili unatulia. Kuvuma kunamfanya asikilize kifuani badala ya kukumbuka kwaya. Baada ya muda akaacha kusema kiko chini. Siku moja akasema mwenyewe kwamba sasa kinanda cha kanisani ndo anakisikia kimebana. Nikamwambia visikorofishane, kila kimoja na nyumba yake.

24 Mei: kurekodi

Rekoda ya kukodi siku moja, 50,000. Mvua juu ya mabati hairekodiki, hilo kila mtu anajua. Ambalo sikulitegemea ni mabati yenyewe asubuhi jua likianza kuyapasha, yanatanuka na kupiga "tak, tak", na hiyo tak inafanana na t ya tisa. Tulisubiri mawingu ya saa tano, joto likatulia, tukarekodi mfululizo mpaka stima ikapotea, bahati rekoda ina betri.

Maikrofoni: tulianza na dada mbele na vyungu nyuma, vyungu vikawa mbali kama viko kwa jirani. Dada akachuchumaa pembeni ya vyungu, mdomo wake kimo cha midomo ya vyungu, maikrofoni katikati hatua moja mbele. Hapo vikawa watu wawili wanaoongea. Hakuna kingine tulichogusa.

14 Juni: mbele ya watu, uwanjani Walukuba

Tumeimba mchana kwenye kivuli, viti vya kukodi. Watoto waliokuwa mbele walianza kuhesabu pamoja na dada, ikabidi aendelee juu ya sauti zao, na kwasababu wao walishika upande wake siyo wangu, ikafaa kabisa. Mama mmoja anayeuza samaki Masese alikuja baadaye kuniambia sehemu ya "saba na robo tatu" ni ya uongo, hakuna mtu anayesema robo tatu akipima sangara, wanarudisha mpaka nusu ili mnunuzi asinune. Nimeibadilisha. Ikawa "saba na nusu", silabi mbili zimetoka kwahiyo chungu cha 5 kinaingia mapema kidogo, na ni nzuri kuliko ilivyokuwa.

Gharama zote: vyungu pamoja na kile cha badala 90,000, nta 20,000, jiwe la mizani 12,000, zawadi ya mzee 18,000, malipo ya dada ya mazoezi 240,000, rekoda 50,000, boda na chakula 85,000, viti 60,000. Jumla shilingi 575,000. Malipo ya dada ndo makubwa na ndo ya mwisho kupunguza, sauti yake ni nusu ya kazi.

Kinachofuata ni sehemu ya mukene. Mukene hawapimwi mmoja mmoja, wanapimwa kwa debe, kwahiyo mwendo wa namba hauko, dada anataka pawe na minong'ono tu na mimi naona sapatu itakuwa nzito mno kwa mnong'ono. Tunajaribu vidole kwenye shingo ya chungu wiki ijayo. Karatasi za majirani bado ninazo nyingi.